Niache kazi ya bandarini nikasomee pete za miti?

MwanaLikoni: Asalaam aleikum. Nina miaka 27, nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Digrii yangu ni ya takwimu. Nimekubaliwa chuo kimoja Marekani kusomea takwimu za viumbe, upande wa pete za miti, ile mistari ya duara ndani ya shina, mmoja kwa kila mwaka. Unatoboa shina kwa kekee yenye uwazi, watoka ujiti mwembamba kama penseli, mti haufi. Unapima upana wa kila pete, unalinganisha mti kwa mti, na hesabu inakwambia mwaka gani mvua ilikuwa haba. Mama asema mtu haendi ng'ambo kuhesabu miti. Silali. Niende?

Baharia_Mstaafu: Mimi 1989 niliacha kazi ya gatini nikapanda meli, nikamwambia mama ni miaka miwili. Nilirudi baada ya kumi na mmoja, mama keshazikwa. Sisemi zaidi.

MamaSwafiya: Ushaoa, mwanangu? Oa kwanza. Hiyo miti haikimbii.

Nyuki: Nani analipa?

MwanaLikoni: Ada inalipwa na chuo.

Nyuki: Na nauli? Chakula? Nyumba? Hapo wapapita mbio.

MwanaLikoni: Haya. Kuna kiwanja Mtwapa alichotuachia marehemu baba. Nimepata mnunuzi, arubuni nimeshapokea. Dada yangu hajui. Lakini yeye ameolewa, ana kwake, na fungu lake nitamrudishia nikipata kazi. Nafasi kama hii haiji mara mbili. Nami naipenda kazi hii, wallahi. Mti mchanga huweka pete pana kwa sababu ya umri tu, sasa lazima uiondoe athari ya umri kwa hesabu ndipo uulize habari za mvua. Nikikaa na hesabu hiyo, usiku waisha sijui.

MamaSwafiya: Kumbe hatukuulizwa habari za miti! Fungu la dada ni lake hata awe na majumba kumi. Na mamako ana thumni yake, sehemu moja ya nane. Umeuza mali ya watu watatu kwa saini ya mmoja.

Mtopanga: Nyie mwajibu hekaya. Shuleni tulifunzwa pete ni za miti ya nchi za baridi. Kwetu kuna masika na vuli, joto mwaka mzima, pete zatoka wapi? Huyu kaitunga.

MwanaLikoni: Sikutunga. Miti mingi ya kwetu haina pete za kutegemewa, kweli. Mchu, jamii ya mikoko, una mistari, ila si ya mwaka mwaka. Lakini mkoko wa Gazi, kule Kwale, watafiti walishauthibitisha tangu 2004: msimu wa mvua vijitundu vya maji ndani ya mbao huwa vichache, kiangazi huwa vingi. Ukanda wa giza na ukanda wa mwanga, huo mwaka mmoja.

FundiMbao: Nimekata mkoko tangu utoto wangu. Ukiupiga msasa vizuri mistari waiona. Hilo hakusema uongo. Nina boriti kuukuu nilizozitoa nyumba moja Mji wa Kale, njoo nikukatie vipande.

Mtopanga: Basi nimekosa, yakhe. Nisamehe.

Nyuki: Sasa sikiliza. Gazi wanauza hewa ukaa ya mikoko, yaani walipwa kwa kutunza mikoko inayoifyonza, kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji ulioanza 2013. Kazi kama hiyo yahitaji mtu wa kukadiria misitu inakua kiasi gani. Waandikie chuo uombe kusogeza nafasi mwaka mmoja, ujitolee huko, utafute mfadhili wa matumizi. Arubuni rudisha.

MwanaLikoni: Nimeshaila nusu. Nilikata tiketi.

MamaSwafiya: Mpigie dadako. Sasa hivi.

MwanaLikoni: Nimempigia. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza tiketi ni ya lini. Anavuka feri jioni, aja na mumewe. Fundi, zile boriti nitazijia Jumamosi.