Mgeni akishuka Kilindini, Nairobi aende kwa basi au kwa SGR?

Dereva wa Kilindini

Wakubwa, naomba hili tulijadili bila matusi. Msimu wa kaskazi, meli za kitalii zikifunga gati Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, mimi huwa nje ya geti na vani yangu. Wengi wanaoshuka shida yao ni Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale, jioni wanarudi melini. Lakini kila meli haikosi wawili watatu wanaomalizia safari yao hapa na wanataka kufika Nairobi. Swali lao ni lile lile: basi au treni ya SGR, ile ya reli mpya?

Mimi nilikuwa nawajibu hata kabla hawajamaliza kuuliza: treni. Ile ya saa tisa alasiri inakuweka Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi, kama saa mbili usiku. Basi likienda vizuri ni mwendo wa saa nane au tisa, likienda vibaya usiniulize. Juzi wenzangu wa stejini wamenishika mpaka chai ikapoa, wakasema nawapotosha wageni, nachotaka mimi ni pesa ya kuwapeleka Miritini, kwenye stesheni ya SGR, tu. Hilo la pesa lina ukweli kidogo, sikatai. Lakini bado nasema treni. Barabara ile tunaijua: ukishatoka Mariakani ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori yamepangana kama tasbihi, na kila dereva ana haraka zake. Mgeni aliyekaa siku kumi baharini umtie huko?

Nipingeni.

Mtoto wa Mwembe Tayari

Nakupinga bila kusimama. Wewe unahesabu saa za treni, huhesabu saa za safari. Tuanze upya. Treni ni saa tisa. Miritini unatakiwa uwe umefika saa nzima kabla, maana kuna kuonyesha kitambulisho au pasipoti, kuna kupanga mabegi chini mbwa wayanuse, kuna mashine, kisha ngazi. Kutoka gatini mpaka Miritini, na Makupa na Changamwe zilivyo, unaondoka saa saba. Saa mbili usiku uko Syokimau. Syokimau si mjini! Hapo unatafuta teksi, au unasubiri ile treni ndogo ya kukupeleka stesheni ya zamani ya Nairobi. Ukiweka mguu mjini ni saa tatu na nusu. Jumla saa nane na nusu.

Basi je? Tuktuk kutoka Kilindini hadi Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya Nairobi, hata wimbo hauishi. Unakata tiketi, unanunua maji na mahamri, unapanda, unashuka katikati ya Nairobi. Sasa hiyo treni imekuokolea nini?

Na nauli tusiisahau. 2017 walituanza na shilingi 700, tukashangilia. Ikaja 1,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Ongeza teksi huku na teksi kule.

Nesi wa zamu

Nyinyi mnabishana saa, mimi nimewapokea watu wa barabara ile saa nane za usiku. Sitasema nilikuwa kituo gani. Nitasema tu kwamba ukishaona viatu vya watoto vimewekwa kwenye mfuko wa plastiki pembeni ya kitanda, hesabu ya nusu saa haikuingii tena kichwani.

Sheria za waziri Michuki za 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mwisho wa 2017, baada ya ajali nyingi za Desemba, mabasi ya masafa marefu yakazuiwa kabisa kusafiri usiku, halafu baada ya wiki chache yakaruhusiwa tena. Basi la mchana sina ugomvi nalo sana. Lile la usiku, mgeni wangu hapandi.

Mama wa Mtito

Nami niseme, ingawa najua mtaniambia natetea sufuria zangu. Ndiyo, nazitetea. Nina hoteli Mtito Andei, katikati ya njia ya Mombasa na Nairobi. Zamani mabasi yalisimama kwa zamu, abiria anashuka, ananyoosha miguu, anakula wali na maharagwe au mbuzi, anaswali, anachaji simu. Treni ya asubuhi nayo husimama stesheni ya Mtito, lakini dakika chache tu. Nani atashuka kula?

Na si abiria peke yao. Mwaka wa 2019 ilipoamriwa makontena yapande SGR kwa lazima, malori yalipungua hapa mpaka vijana wa kubadilisha magurudumu wakawa wanacheza bao mchana kutwa. Mombasa waliandamana, mnakumbuka. 2022 serikali mpya ikasema mwenye mzigo achague mwenyewe, tukaanza kupumua. Kwa hiyo mkisema "treni ni bora", mniambie bora kwa nani. Kuna miji mizima imejengwa juu ya njaa ya msafiri.

Mtoto wa Mwembe Tayari

Mama, hiyo ya njaa ya msafiri naiandika ukutani.

Abiria wa dirishani

Hakuna aliyetaja tembo? Mimi nimepanda treni ile mara tatu, zote mchana. Inapita juu ya tuta refu katikati ya mbuga ya Tsavo, na upande wa chini unawaona tembo wekundu kwa vumbi la kule, wamesimama kama vichuguu, halafu kimoja kinapunga sikio. Behewa zima linahamia upande mmoja. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amenuna tangu Miritini, kwa sababu viti vya daraja la kawaida vinatazamana na magoti yetu yalikuwa yanasalimiana kila kona. Alipowaona tembo akanishika goti mwenyewe: "Kijana, tazama!" Basi halina hilo. Kwenye basi unatazama nyuma ya lori.

Ila ukipanda ya saa tisa, giza linakukuta kabla ya kufika Nairobi. Anayetaka mwanga wa mchana njia nzima apande ya saa mbili asubuhi, na kwa aliyeshuka melini asubuhi hiyo hiyo, hiyo haipo.

Jirani wa Dar

Habari zenu majirani. Huku kwetu mjadala huu umegeuka kichwa chini. Mtu akishuka boti ya Zanzibar, stesheni ya SGR iko hapo hapo katikati ya jiji, anakwenda kwa miguu na begi lake la magurudumu. Basi ndilo lililohamishwa mbali: kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi Luis, na kufika huko kutoka Posta ni safari nyingine inayojitegemea. Tangu treni ya Dodoma ianze Julai 2024, mtu wa boti akitaka Dodoma simsikii hata akiuliza. Chini ya saa nne amefika, wakati basi linakula kutwa.

Kwa hiyo naona hambishani juu ya treni na basi. Mnabishana juu ya mahali stesheni ilipowekwa.

Dereva wa Kilindini

Jirani, umenigusa penyewe. Stesheni ya zamani ya Mombasa ilikuwa hapa hapa kisiwani, pua na mdomo na Mwembe Tayari. Reli ile ya Waingereza ilianza kujengwa hapa 1896, na hadi 2017 mtu alikuwa anatoka sokoni anaingia kwenye behewa. Ilikuwa pole pole, usiku kucha na asubuhi bado uko njiani, lakini kuipata haikuwa kazi. Hii mpya, reli ya mizigo inaingia mpaka bandarini. Kontena linapandia treni huko huko. Binadamu ndiye anayetafutiwa tuktuk.

Sasa nikiri jambo ambalo sikulisema mwanzo. Mwaka jana nilikuwa na familia moja, baba, mama na mtoto wa miaka kama minne. Tiketi walishalipia. Tulitoka Kilindini saa saba na nusu, nikijiamini. Kibarani lori likafa katikati ya barabara, magari yakashikana, hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Yule mtoto akawa anahesabu makontena kwa sauti, kila akifika ishirini anaanza upya. Tulifika Miritini saa tisa kasoro dakika tano. Mlango umefungwa. Kosa langu, ningewatoa mapema. Nikawarudisha Mwembe Tayari bila kuwatoza, wakapanda basi la usiku. Asubuhi baba akanitumia picha: mtoto kalala mapajani, mdomo wazi, nje jua la Mlolongo, karibu na Nairobi. Hawakulalamika hata kidogo. Mimi ndiye niliyekesha.

Nesi wa zamu

Ulikesha kwa sababu ulijua.

Dereva wa Kilindini

Nilijua, ndiyo.

Lakini kuna na ya upande wa pili. Wazee wawili, mke na mume, ndege yao ilikuwa inaruka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, karibu na saa sita usiku. Hao niliwatoa gatini saa sita mchana, wakakaa Miritini wakila njugu. Saa mbili usiku wako Syokimau, na kutoka Syokimau uwanja wa ndege ni hapo tu, mjini hawakuingia kabisa. Kwa basi ningewaua kwa wasiwasi. Ndiyo maana nasema Mtoto wa Mwembe Tayari anapiga hesabu yake kama kwamba kila mtu anakwenda River Road, katikati ya mji. Nairobi ipi? Mwenye ndege, Syokimau imemkaa vizuri. Mwenye shangazi Eastleigh, sawa, nakupa.

Mtoto wa Mwembe Tayari

Nimechukua. Lakini sema na upande wangu: wa Eastleigh apande basi la asubuhi, si la usiku, nesi asinikasirikie. Na akishuka melini saa nne asubuhi, la mchana bado analipata, atafika mapema usiku.

Abiria wa dirishani

Na tiketi ya treni isiachwe mpaka siku ya meli. Desemba na Pasaka zinaisha mapema. Mgeni asiye na laini ya Kenya wala M-Pesa, mtu wa hapa amkatie kabla, kwa jina lililo kwenye pasipoti yake.

Dereva wa Kilindini

Hiyo naifanya siku hizi. Kuna meli nyingine Alhamisi, nimeshapata simu za watu sita. Kuanzia sasa swali langu la kwanza kwao ni moja: unalala wapi usiku huo, kitandani au kwenye ndege? Wa ndege wanne, wameshapata treni. Hao wawili wengine wana ndugu zao Pangani, Nairobi. Nawapeleka Mwembe Tayari.

Mama wa Mtito

Hao wawili waambie wamwombe dereva asimame Mtito. Mbuzi atakuwa tayari kuanzia saa nane.