Nachukua fomu ya udiwani, duka namwachia nani?

Mnunuzi wa Kibaigwa: Wakuu, habari za jioni. Nanunua mahindi hapa Kibaigwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na nina duka la vifaa vya ujenzi. Wazee wa kata wameniita mara mbili, wanataka nichukue fomu. Moyo unataka, maana watoto wetu bado wanakaa chini darasani. Mke wangu anauliza duka tunamwachia nani. Naombeni ushauri wa waliopitia.

Msingida: Chukua fomu mkuu. Mohammed Dewji alikuwa mbunge wetu Singida Mjini 2005 hadi 2015, na viwanda vyake viliendelea na kazi.

Binti wa Kongwa: Dewji alikuwa na mameneja. Baba yangu alikuwa na kaunta, mama na mimi. Aliuza saruji na bati, akawa diwani miaka mitano.

Alipoapishwa tu, watu wakaanza kuja: "Mheshimiwa, niandikie." Misumari, bati, mfuko mmoja wa saruji. Atamkataliaje mtu aliyempigia kura? Daftari la madeni lenye jalada jekundu likajaa kabla mvua hazijaisha, tukanunua la pili. Mwishowe mama akachukua funguo. Baba akawa anakaa nje kwenye benchi, anasikiliza shida za watu hapo hapo, na kaunta haigusi. Ndivyo duka lilivyopona.

Halafu yakaja madarasa ya kata. Saruji ya karibu ilikuwa yetu. Kwenye kikao baba akasimama, akasema duka ni lake ana maslahi, akatoka mpaka walipomaliza. Wakanunua kwingine. Nililia, ada yangu ilitegemea mauzo yale. Leo nikipita shuleni pale siinamishi uso.

Mzee wa Chamwino: Kijana, Azimio la Arusha la 1967 lilitaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa wala nyumba ya kupangisha. CCM ikalegeza masharti hayo kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Ila kwa sheria ya maadili ya 1995, diwani naye anatoa tamko la mali na madeni kila mwaka. Anza kuandika sasa: stoo, mizani, mkopo wa benki.

Mnunuzi wa Kibaigwa: Ahsanteni sana. Nimemsomea mke wangu maneno ya binti wa Kongwa. Hakusema kitu, amekwenda kuleta daftari letu, tunalipitia jina kwa jina. Wazee nimewaomba wiki mbili.