Walimu wa sataranji, acheni kuwalisha watoto mtego wa Englund!

Wakuu, nimekasirika na leo sinyamazi. Tunalipa ada watoto wafundishwe sataranji wikiendi, na mwalimu kawajaza kitu kimoja tu: gambiti ya Englund, yaani ufunguzi wa kutoa askari kafara. Mweupe akifungua kwa askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), mtoto anajibu e5, anatoa askari bure, halafu anakaa kuombea mwenzake akosee.

Mtego wenyewe huu. Mweupe anakula e5, farasi mweusi anatoka c6, farasi mweupe f3, malkia mweusi e7. Mweupe akimlinda askari wake kwa askofu f4, malkia anaruka b4: anamtishia mfalme, na papo hapo anawinda askari wa b2 na yule askofu. Askofu anarudi d2, malkia anakula b2. Sasa mweupe akijaribu kumfukuza kwa askofu c3, kaisha. Askofu mweusi anatua b4, malkia mweupe anakwenda d2, wanalana pale c3, malkia mweusi anashuka c1. Chekimeti, mfalme kanaswa na mchezo umeisha! Watoto wanashangilia, wazazi wanarekodi kwa simu.

Lakini mweupe aliyefundishwa vizuri hamgusi askofu, anatoa farasi c3. Mweusi akileta askofu b4, ngome inakuja b1, malkia anakimbilia a3, ngome inapanda b3, malkia anakimbia tena a5. Hatua tano za malkia peke yake, na farasi wa g8 hajainua hata mguu! Juzi kwenye mashindano ya shule watoto wetu walichapwa hivyo hivyo, meza moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja alitoka analia, mwalimu akamwambia ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani, mwalimu?

Na asije mtu hapa kusema naogopa mashambulizi. Wafundisheni gambiti ya Evans, aliyoibuni nahodha wa meli William Davies Evans, wa Wales, miaka ya 1820. Askari wa b4 anatolewa, lakini askofu mweusi akimla, mweupe anamsukuma kwa c3, kisha d4 inafuata na katikati panakuwa pake. Hapo askari ameuzwa kwa bei. Mwaka 1995 kule Riga, Latvia, bingwa wa dunia Kasparov alimmaliza gwiji wa India, Anand, kwa hiyo hiyo, hatua 25 tu. Mtoto akiicheza anajifunza kutoa vipande haraka na kumwahi mfalme kabla hajajificha, hata siku akishindwa.

Nyie mnaofundisha Englund, njooni mnijibu hapa hapa: farasi akishafika c3, mnamwambia mtoto acheze nini?