Mnaoandaa mabonanza ya mpira wa magongo (hoki) Dodoma, acheni kuwavunja makipa vidole

Wakuu salaam.

Naleta hili hapa kwa sababu kule kwenye grupu la WhatsApp wameshafunga, wanaandika viongozi peke yao. Nilipouliza swali moja tu la glavu nikaambiwa naleta uchochezi. Basi acha wana Dodoma wote wasome.

Kipa wetu, binti wa kidato cha tano, amevunjika kidole cha mkono wa kushoto Jumamosi kwenye kona fupi, ile adhabu ambayo washambuliaji wanaanzisha mpira kwenye mstari wa mwisho karibu na goli. Amevunjika akiwa amevaa glavu za kudakia mpira wa miguu. Glavu yake halali ya magongo ilikuwa pembeni ya uwanja, juu ya begi, kwa amri ya mwamuzi aliyesema ni kubwa mno, "inaziba goli".

Inaziba goli! Sasa kipa huwa anawekwa pale afanye kazi gani nyingine?

Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu, FIH, limeandika vipimo kwa milimita. Glavu ya kipa ikilazwa bapa, kiganja kikitazama juu, upana usizidi milimita 228 na urefu usizidi milimita 355. Pia isiwe na kitu chochote kinacholibakiza gongo kwenye glavu wakati mkono haujalishika. Basi. Hakuna sehemu iliyosema mwamuzi akadirie kwa macho akiwa amesimama mita kumi kutoka golini. Mechi ilipoisha nilikwenda na rula mpaka kwenye meza ya waandaaji, nikapima mbele yao wote, upana na urefu, ikawa ndani ya kanuni. Jibu nililopewa: "Kocha, mechi imeshaisha, tuangalie yajayo."

Mtoto yuko na kidole kimefungwa, wao wanaangalia yajayo.

Naomba tuelewane hapa, maana kila nikilalamika naambiwa "glavu ni glavu". Si kweli. Mpira wa miguu una uzito wa gramu 410 mpaka 450 na mzingo wa sentimita 68 mpaka 70, na ndani una upepo. Mpira wa magongo una gramu 156 mpaka 163 na mzingo wa milimita 224 mpaka 235, na ni mgumu kabisa. Watu wanasikia gramu wanasema mbona ni mwepesi. Huo wepesi ndio unaowadanganya. Mpira wa miguu ukikugonga unabonyea, nguvu inatawanyika kiganja kizima. Huu mdogo haubonyei, nguvu yote inaishia kwenye kifundo kimoja cha kidole. Mpigaji mzuri wa pigo la kuburuta, yaani anayeuburuta mpira kwa gongo na kuurusha bila kuuchapa, anaupeleka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Kutoka ukingo wa D, ile nusu duara mbele ya goli, ambao ni mita 14.63 kutoka golini, unafika golini ndani ya nusu sekunde hivi. Glavu ya soka ina mpira laini kiganjani wa kusaidia kunasa, na mgongoni kitambaa. Haikutengenezwa kukinga kitu kama hicho.

Na kwenye kona fupi ndiyo balaa zaidi. Kanuni inasema pigo la kwanza likiwa la kuchapa kwa gongo, mpira unapovuka mstari wa goli usizidi urefu wa milimita 460, yaani urefu wa ule ubao wa chini wa goli. Lakini akiuburuta na kuuinua, hiyo milimita 460 haimhusu. Anaruhusiwa kuupeleka mpaka chini ya mwamba, mita 2.14 kutoka ardhini. Kwa hiyo mipira ya chini kipa ana padi za miguu na viatu vya sponji. Mipira ya kifuani na ya pembe za juu ana mikono. Ukimvua glavu ya kushoto umemwachia ngozi na mfupa pale pale ambapo mpigaji anaruhusiwa kulenga.

Sasa tuje kwenye umbo, maana hapa ndipo wanaojiita makocha wa makipa wanaponiudhi kuliko hata waamuzi. Glavu mbili za kipa wa magongo hazifanani, na hazifanani kwa makusudi. Ya kulia ni ya mkono ulioshika gongo. Vidole vimejikunja kuzunguka gongo, na sponji nzito imefunika migongo ya vidole. Ya kushoto ni bapa, kiganja kiko wazi nyuma yake, na uso wake mpana ndio unaoukabili mpira. Hii ya kushoto haidaki. Haina vidole vya kukunja. Kazi yake ni kuugeuza mpira, na yote iko kwenye pembe ya mkono: ukiuinamisha uso kidogo mbele, mpira unaanguka chini karibu na mguu wako na unaupiga teke, ukiugeuza pembeni, mpira unatoka nje ya mstari wa mwisho, na kwa kipa anayeokoa goli hilo ni halali kabisa.

Mtoto mliyemvalisha glavu za soka atafanya nini? Atafanya kama anavyowaona makipa wa Simba na Yanga kwenye televisheni: atanyoosha vidole adake, akifanikiwa atautupa mpira katikati ya uwanja. Kwenye magongo kuusukuma mpira kwa nguvu kwa mkono uende mbali ni kosa, na kosa la wanaolinda ndani ya D ni kona fupi. Kwa hiyo mmempa kifaa kinachomfundisha uchezaji wa mchezo mwingine, halafu mnampulizia filimbi, halafu kocha wake anamfokea mbele ya wazazi. Nimemwona mmoja analia nyuma ya goli. Alikuwa amefanya kile hasa ambacho kifaa kilimtaka afanye.

Kuna mwingine alileta glavu za mitumba kutoka Dar akajisifu kwamba ameokoa jahazi. Nilipozifungua nikakuta ni za hoki ya kwenye barafu! Moja ina wavu wa kudakia, nyingine ina ubao mrefu mgongoni. Nikaambiwa nisiwe mchoyo wa shukrani. Na wale wanaokata godoro na kushonesha kwa mafundi pale Majengo, nawaheshimu kwa kujaribu, ila sponji ya godoro ni laini mno. Kwanza inabonyea mpaka mwisho na kidole kinapokea kipigo. Pili inaua mpira. Mpira unaanguka hatua moja mbele ya mshambuliaji na anaumalizia kirahisi. Glavu za kisasa ni za sponji nzito iliyobanwa, mpira ukigonga unaruka na kwenda mbali na hatari. Huo mruko ndio ulinzi wa pili wa kipa. Ukitaka kushonesha, tafuta sponji ngumu kama ya soli za kandambili nzito, zipangwe tabaka kadhaa, siyo godoro.

Halafu uwanja wetu wenyewe. Wote mnajua ardhi ya Dodoma kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba: kavu, ngumu, kokoto juu, upepo na vumbi. Mpira ukigonga kokoto unapanda kifuani bila taarifa. Lakini kuna makocha wamekaa YouTube wakaona makipa wa Ulaya wanajilaza chini kama gogo kuziba goli, na wao wanawalazimisha watoto wajilaze. Wale wanacheza kwenye nyasi bandia, tena nyingi zinamwagiwa maji kabla ya mechi ili wateleze. Huku ukijilaza unachubuka paja, padi zinasagika, na mpira uliogonga kokoto unapita juu yako wakati umeshalala. Kipa wa uwanja wa vumbi asimame! Magoti yakunjwe, uzito uwe kwenye vidole vya miguu, mikono iwe mbele ya mwili mahali macho yanapoiona, glavu ya kushoto kati ya kiuno na bega. Ajilaze pale tu ambapo hana namna. Na kwa uchezaji huo wa kusimama, glavu ya kushoto ndiyo kila kitu, ndiyo maana nina uchungu kiasi hiki.

Najua kuna atakayekuja hapa na ile ya Moscow 1980, India 18, Tanzania 0. Kila mada ya magongo lazima mtu ailete na kucheka. Wale vijana walikwenda Olimpiki, na hao India ndio waliochukua dhahabu mwaka ule. Miaka zaidi ya arobaini imepita na bado kipa ndiye tunayemnunulia vifaa wa mwisho. Kwenye bonanza hili kulikuwa na jezi mpya zenye majina mgongoni, kulikuwa na fulana za kamati, kulikuwa na spika mbili kubwa. Jozi ya glavu za akiba kwa makipa haikuwepo.

NYONGEZA: Mkuu hapo chini uliyeandika kwamba binti "angekwepesha mkono", soma tena. Kazi yake ni kuupeleka mkono kwenye mpira. Aliupeleka mahali sahihi kwa wakati sahihi, na mpira haukuingia. Aliokoa kwa kidole kilichovunjika. Mnadai nini zaidi kutoka kwake?

NYONGEZA 2: Nimeulizwa PM nataka nini hasa. Nataka kamati iandike barua kwa wazazi wa yule binti na ilipe gharama zote za matibabu, siyo nusu. Nataka rula iwepo mezani kila mechi, na mwamuzi anayetaka kukataa glavu aipime mbele ya manahodha wote wawili. Nataka kipa asiyekuwa na helmeti, kinga ya kifua, padi na glavu zote mbili za magongo asisimame golini kwenye kona fupi, hata kama mgeni rasmi ameshafika.

Bonanza lijalo mmeshalitangaza na mabango yameshachapwa. Viongozi mpo humu, nawaona mnasoma. Glavu za makipa mmenunua au hamjanunua?