Wauza GPS za magari Kariakoo, mtawauzia wazee wetu ramani za Ulaya mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina hasira na nitaandika kwa hasira. Duka sitalitaja, kwa sababu baada ya pale nilizunguka maduka mengine na kukuta mchezo ni ule ule. Hili ni tatizo la biashara nzima ya vifaa hivi hapa mjini.

Mama yetu kastaafu ualimu. Sisi watoto tukachanga tumpe zawadi ya maana. Anaendesha mwenyewe Toyota IST yake: misibani, vikao vya harusi, kanisani, kliniki. Akitoka Mbezi kwenda sehemu asiyoizoea, tuseme Chanika au Bunju ndani, inabidi asimame kila baada ya muda kuuliza bodaboda, na giza likishaingia anaogopa kusimama. Simu janja anayo, lakini kioo kidogo, macho yamechoka, na mtu akipiga katikati ya safari ramani inapotea hajui airudisheje. Tukakubaliana tumnunulie kifaa kinachokaa juu ya dashibodi, chenye kioo kikubwa, kazi yake moja tu: kumwambia kata kushoto, kata kulia, umefika.

Msiniambie gari lina skrini yake. Mnaojua magari ya Japani mnajua kilichomo. Sauti ya Kijapani, maandishi ya Kijapani, ramani ya Japani, na mara nyingi kadi ya ramani imeshachomolewa kabla gari halijapanda meli, kwa hiyo kioo kinabaki kudai kadi hadi leo. Hata redio yenyewe inaanzia 76 na kuishia 90, nusu ya stesheni zetu haizipati. Hilo tulishalikubali, gari limetengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Lakini kifaa nilichokwenda kununua dukani Kariakoo, nikieleza kwa mdomo wangu kwamba ni cha mama wa miaka sitini na kitu, wa kutumia Dar na safari za Korogwe, hicho kilitakiwa kiwe cha kwetu.

Kwanza nililetewa GPS ya kufunga chini ya dashibodi ili gari likiibiwa ulione kwenye simu. Nikasema hapana, hiyo inawekwa laini ya simu na inatuma taarifa, mimi nataka ya kuongoza njia. Ndipo ikaletwa ya inchi saba. Muuzaji akanihakikishia: ramani ya Tanzania imo, unachomeka pale pa kuwashia sigara na kuondoka, rahisi kabisa, mzee yeyote anaiweza. Nikaomba tuiwashe. Ikawashwa kaunta, picha nzuri, gari dogo linatembea kwenye barabara. Yale yalikuwa maonyesho tu! Ndani ya duka, ghorofa tano juu ya kichwa, kifaa hakiwezi kupata setelaiti. Kinahitaji setelaiti zisizopungua nne kijue kiko wapi, na mawimbi yake ni dhaifu, zege linayazuia. Muuzaji wa vifaa hivi analijua hilo. Angetoka nami nje hatua chache tu hadi barabarani, ukweli wote ungeonekana.

Tumefika nyumbani, tumekiweka kwenye gari uwanjani, kimekaa muda mrefu kinatafuta. Kilipopata, tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20. Nikajua hapo hapo tumeuziwa mzigo uliolala stoo. GPS inahesabu wiki, na kihesabu chake kikifika wiki 1,024 kinaanza upya sifuri. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia Aprili 7, 2019. Vifaa vilivyotengenezwa zamani na havikuboreshwa programu vilichanganyikiwa tarehe, vingine vikakosa hata kujua vilipo. Kwa hiyo kitu kilichosemwa "kipya, kimeingia juzi" programu yake haijaguswa tangu kabla ya 2019.

Ramani sasa. Ulaya imo yote, hadi vijiji. Tanzania ni mistari michache: barabara ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Nyerere, na nukta za majina ya mikoa. Nikatafuta daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016. Halipo, kifaa kinamtaka mama akapange foleni ya pantoni Magogoni. Makutano ya Ubungo, yale ya juu yaliyofunguliwa 2021, hayapo. Daraja la Tanzanite la 2022 ndiyo usiulize. Mtu anayefuata sauti ya kifaa kile pale Ubungo ataambiwa akate kulia mahali ambapo sasa kuna nguzo za zege.

Na kinachoniuma zaidi ni lile neno "rahisi". Rahisi kwa nani? Ukitaka kwenda mahali kinakuuliza nchi, kisha mji, kisha jina la mtaa, kisha namba ya nyumba, kwa herufi ndogo unazobonyeza hadi kidole kiume kwa sababu kioo ni cha kugandamiza. Hebu niambieni, nani Dar anaelekezwa hivyo? Tunaambiwa shuka Mbezi kwa Msuguri, ingia barabara ya vumbi, pita msikiti, geti jeusi mkono wa kushoto. Anwani za makazi zipo, operesheni ya 2022 imeweka vibao na namba karibu kila mahali, lakini kifaa kile hakijawahi kuzisikia, na mama yangu naye akialikwa msibani hatajiwi namba. Anatumiwa lokesheni WhatsApp.

Hapo ndipo kifaa chote kilipokufa. Lokesheni ya WhatsApp haiingii. Hakuna bluetooth ya kuongea na simu, hakuna chochote. Njia pekee ni kunakili namba za latitudo na longitudo kwa mkono. Simu inazitoa kwa desimali, kifaa kinazitaka kwa nyuzi, dakika na sekunde. Juu ya hapo, kifaa kimejiweka kaskazini ya ikweta, na usipobadilisha herufi kwenda kusini, msiba wa Dar unahamia kusini mwa Ethiopia, huko upande wa milima ya Bale. Mama mwenye kufundisha jiografia miaka yote hiyo alilielewa mara moja na kulirekebisha, lakini kwa nini alazimike kufanya hesabu za darasani akiwa amechelewa mazishi? Sauti ndiyo kabisa: Kiingereza cha haraka, cha chini, kinachotaja majina ya mitaa yetu kwa namna ambayo hata mimi mwenyeji siyatambui. Kiswahili hakimo.

Nikarudisha. Jibu: risiti imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nikaambiwa nilipie "kuingiziwa ramani", na kisha nilipie "bando la GPS" kila mwezi. Wakuu, hili la bando lisikike vizuri kwa sababu wanaliwa wengi. Mawimbi ya GPS ni bure duniani kote. Kifaa kinapokea tu, hakitumi kitu angani, na hakuna mtu yeyote wa kumlipa. Serikali ya Marekani ndiyo inayoendesha setelaiti zile, na tangu Mei 2000 ilipoacha kuwavurugia raia usahihi, kila mtu anapata. Intaneti inahitajika kwa ramani za simu zinazopakuliwa njiani na kwa taarifa za foleni. Kifaa chenye ramani ndani yake hakihitaji bando kujua kilipo. Anayekutoza kila mwezi kwa hicho anakuibia.

Na hata hiyo ramani, kwa nini ilipiwe kama dhahabu? Ramani ya Dar iliyo nzuri ipo na ni ya bure. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, imekuwepo tangu 2004. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe wakatembea mitaa ya mabondeni kwa miguu, wakachora mitaro, vichochoro, nyumba, ili mafuriko yakija ijulikane maji yanapita wapi. Tandale imechorwa kwa undani ambao kifaa cha kulipia hakina. Vifaa vya Garmin, kwa mfano, vinakubali ramani hizo kwa kadi ndogo ya SD. Duka linalouza vifaa hivi lingeweza kuweka kijana mmoja, akapakua ramani mpya, akaziweka kwenye kadi, akampa mteja. Hawafanyi. Wanaona rahisi zaidi kumuuzia mtu wa Mbezi barabara za Ujerumani.

Kuhusu "hairudishwi": mkaisome Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka bidhaa ifanye, na akautegemea ujuzi wa huyo muuzaji, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilieleza. Nilisema ni cha nani, cha wapi, cha kufanyia nini. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ndiyo maana tuna Tume ya Ushindani. Barua yangu kwao nimeshaiandika, nimeambatanisha risiti na picha za kioo kinachoonyesha tarehe ya zamani. Mwandiko wa kwenye risiti hauwezi kufuta sheria ya nchi.

Kwa yeyote anayetaka kumpa mzazi zawadi ya aina hii, msikubali kitu kabla hakijatolewa nje, chini ya anga. Kiwashwe hapo, mtafute daraja la Tanzanite na makutano ya Ubungo. Visipokuwepo, ramani ni ya kale, ondokeni. Kisha mtumie lokesheni kutoka simu ya mama kwenda kwenye kifaa, mbele ya muuzaji. Ikishindikana, ondokeni. Kisha mwachieni mzee mwenyewe akishike, muuzaji asiguse, mwone kama anaweza kujiandikia "Nyumbani" na kuondoka kwa kubonyeza mara mbili au tatu. Sauti isikike injini ikiwaka na vioo vikiwa chini, maana si kila gari lina AC nzima. Mambo ya kucheza filamu, picha na muziki msiyahesabu kabisa, hayo ndiyo yanayojaza kioo vitufe hadi mzee anaogopa kukigusa.

NYONGEZA: Naona wengi mmeandika "mnunulie tableti umwekee programu ya ramani, yaishe". Nimewasikia, na kwa kijana ni jibu zuri. Organic Maps inafanya kazi bila intaneti kabisa, na Google Maps unaweza kuipakua kwa eneo. Lakini tableti juani kwenye dashibodi ya Dar saa nane mchana inachemka na kujizima, nimeona kwa macho. Halafu kuna matangazo yanayoruka, masasisho, betri, kioo kinachojifunga. Mama anataka kitu kinachowaka gari likiwaka na kuzimika gari likizimika. Si jambo kubwa hilo. Madereva wa nchi nyingine walikuwa nacho miaka ishirini iliyopita.

Mkuu mmoja kasema wazee waache kuendesha usiku. Hilo sitalijibu kwa upole. Mama yangu kaendesha toka enzi barabara ya Morogoro ni ya njia mbili, hajawahi kugonga mtu. Misiba haichagui saa, na yeye ndiye anayewapakia wenzake wasio na magari. Tatizo ni kifaa, asisemwe yeye.

Ninachoomba: aliyenunua hapa nchini, au aliyeletewa na ndugu, kifaa ambacho yeye mwenyewe amekitumia, kina ramani ya Tanzania ya miaka hii, kinapokea lokesheni kutoka simu na kinasema Kiswahili, au angalau Kiingereza cha taratibu na cha nguvu, aandike jina na modeli hapa hapa chini ili wote tuone. Wauzaji msije inbox. Mwenye duka mwenye uhakika na bidhaa yake aseme wazi kwamba yuko tayari kuitoa nje na kuijaribu mbele yangu, na kwamba atakubali niirudishe ikishindwa. Hela ya nyongeza tupo tayari kuchanga tena.