Mrejesho: minyoo wa chambo wamefika siku ya 5 wakiwa hai

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini minyoo wangu wa baharini, wale wa chambo, walikuwa wanakufa usiku mmoja tu ndani ya ndoo. Mliosema kosa ni maji ya bomba niliyokuwa naongezea, mlipatia kabisa.

Sasa nawaweka kwenye trei pana, maji ya bahari yakiwafunika kidogo tu, ndani ya friji upande usiogandisha. Asubuhi na jioni nabadilisha maji, na hayo mapya nayapoza kwanza humo humo. Aliyekatika namtoa papo hapo, maana mmoja akioza maji yanachafuka na wenzake wanafuata.

Leo nikiwagusa wanajikunja kwa nguvu, wekundu wao uko vile vile. Asanteni sana, mmeniokolea chambo!