Naombeni ushauri: binti yangu anatimiza miaka 5, sitaki bethdei iwe mateso kama mwaka jana (Mtwara)

mama_wa_Chuno

Habari za jioni wapendwa, hasa nyie mlioko huku kusini. Mie niko Mtwara mjini, pande za Chuno. Binti yangu anatimiza miaka 5 Jumamosi ya pili ya mwezi wa 12 na tangu wiki iliyopita kila akiamka swali ni hilohilo, mama bado siku ngapi. Kila akiuliza moyo unanienda mbio kwa sababu ya yaliyotukuta mwaka jana.

Mwaka jana nilialika watoto 20. Walikuja zaidi ya 50, maana kila mtoto alikuja na wadogo zake na mama zao pia, siwezi kumfukuza mtoto wa mtu getini. Nilikuwa nimeagiza keki ya krimu ya ngazi mbili, tukaiweka mezani chini ya turubai saa 8 mchana, ilipofika saa 11 maua yameshateleza yako kwenye sinia. Hatukuikata kwa sababu tunamsubiri baba yake mkubwa anatoka Masasi na basi lilichelewa, akafika magharibi imeshaadhiniwa, alafu umeme ukakatika. Mwanangu alikuwa ameshalala mapajani kwa bibi yake. Tukamwamsha akate keki, analia, na bado watu wakamwagia maji kama ilivyo kawaida yetu, akalia mpaka kwikwi. Picha zote analia. Deni la turubai na viti nimelimaliza mwezi wa 2.

Safari hii nina laki na nusu tu na ua mdogo wenye mwembe mmoja. Nataka afurahi yeye. Naombeni mnisaidie watoto wangapi, saa ngapi, wale nini, na hawa watu wazima nawaambiaje bila kugombana na ukoo?

mwalimu_wa_chekechea

Pole sana mama, nimesoma hapo pa kumwamsha mtoto nikaumia. Mie nafundisha awali hapa Mikindani mwaka wa 11 sasa kwa hiyo nakuambia ninachokiona kila siku. Mtoto wa miaka 5 uwezo wake wa kukaa kwenye shughuli na bado akaifurahia ni saa moja na nusu mpaka mawili, basi. Baada ya hapo anakuwa mkali, anapigana, anataka kubebwa, sio kwamba hana adabu, amechoka. Sasa sie tunaanza kuwapamba saa 7, wanakaa na nguo za kubana kwenye joto la mwezi wa 12, keki inakatwa saa 2 usiku, unategemea nini.

Anza saa 10 na nusu jua limepoa, maliza saa 12 na robo. Mwezi wa 12 jua kwetu linazama kama saa 12 na nusu kwa hiyo hata umeme ukikatika haikuhusu, na watoto wanarudi kwao bado kweupe. Kwenye mwaliko andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, zote mbili. Watu wanaandika ya kuanza tu ndio maana wageni wanalala hapo.

Keki ikatwe mapema, mkishacheza mchezo mmoja tu, ukishakata presha yote inaisha. Na ule utaratibu wa kulisha keki mtu mmoja mmoja kuanzia babu mpaka mwenyekiti wa mtaa uache kabisa kwa mtoto mdogo, alishe wazazi wake na bibi, wengine wapewe kwenye sahani.

Michezo usinunue kitu. Nage na rede mpira wa soksi unatosha, kombolela huo mwembe ndio nguzo yenyewe, kuruka kamba, kukimbia na ndimu kwenye kijiko. Ule wa nyama nyama mtu mzima anataja mnyama, wakimsikia anayeliwa wanaruka, akitaja asiyeliwa anayeruka anatoka, huo wangu darasani wanaweza kucheza nusu saa wanacheka tu. Ila usiwatoe moja kwa moja, anayekosea aje kutaja mnyama yeye, maana mtoto wa miaka 5 akitolewa anaenda kukaa pembeni analia na unapata kazi nyingine.

Idadi, mie nasema watoto 12, wasizidi 15. Muulize mwenyewe anataka nani. Utashangaa atakutajia 4.

njomba_wa_Lindi

Mama Chuno pole. Naongea kama baba. Hilo la baba mkubwa sio lako la kupambana nalo peke yako, ni la mumeo, huyo ni kaka yake. Kwetu tulipata mtihani kama huohuo, watu wazima wanataka pilau na heshima yao, watoto wanataka kukimbia, ukiwachanganya siku moja wote wanakosa. Sie tuligawa. Jumamosi jioni ya watoto peke yao, Jumapili mchana ndugu wa karibu wamekuja kula wali na samaki wa nazi wakamwombea mtoto dua, wamempa zawadi zao kwa utulivu na mzee akaondoka ameridhika kuliko angekaa kwenye kelele za spika. Sufuria moja tu, hakuna turubai wala viti vya kukodi.

Mumeo ampigie kaka yake mapema, sio kumtumia meseji. Amwambie kaka Jumamosi tunawachezesha watoto, tunakuomba wewe Jumapili uje utuombee dua. Mzee akipewa nafasi yake hatanuna.

upishi_kusini

Dada yangu mie napika keki za oda hapa Mtwara na nawaambia wateja ukweli ingawa nakosa hela. Krimu ya kupiga haiwezi joto letu la Disemba. Hata ya siagi inaanza kulainika ukiiacha nje. Oka keki ya kawaida ya mayai, juu mwagia sukari ya unga vikombe 2 uliyokoroga na maji ya ndimu vijiko vya chakula 3 au 4 mpaka iwe nzito kama uji, inakauka yenyewe, haiteleziki. Pambia na vipande vya embe, mwezi huo embe dodo bei yake imeshuka. Keki ikae ndani, itoke dakika ya kukatwa tu.

Chakula fanya vya kushika mkononi, bagia, maandazi madogo, mihogo ya kukaanga, bisi, na mayai ya kuchemsha ukatie nusu. Ukipika kuku au nyama visikae nje zaidi ya masaa 2, na kwa jua la kwetu mie sizidishi saa moja. Juisi ya ukwaju weka kwenye deli na barafu, na barafu yenyewe itoke kwenye maji ya kuchemsha maana mvua zikianza na matumbo ya watoto yanaanza.

Kingine, najua huu ni msimu na kila nyumba ina korosho, usiweke sahani ya korosho nzima wala karanga mezani. Kwa watoto wadogo zinaingia njia ya hewa, na wapo wenye aleji, mdomo unavimba hapohapo na pumzi inabana. Uliza mama zao kabla. Kama unataka wapate korosho wape kwenye vifuko vya kwenda navyo nyumbani mkononi mwa mzazi. Na maputo hivyohivyo, likipasuka okota vipande mara moja, mtoto akivivuta kooni hakuna mchezo.

kijana_wa_Shangani

Kwa nini usiwapeleke bichi tu Shangani, upepo upo, nafasi ipo, hulipi turubai, wanacheza mchangani wanachoka wenyewe wanarudi kulala

mwalimu_wa_chekechea

Mdogo wangu wazo zuri kwa watoto wa miaka 10 huko. Hawa wa 5 ukiwa nao 12 ufukweni unahitaji mtu mzima karibu kila watoto wawili na asishike simu. Na bamvua maji yanajaa haraka, unageuka kukata keki ukirudi mchanga uliocheza umefunikwa. Sio starehe hiyo kwa mama.

mama_wawili_Nachingwea

Mimi naomba niseme la maji tu. Mwanangu wa kwanza tulimmwagia akiwa na miaka 6, mpaka leo ana 9 siku yake ikikaribia anauliza mtanimwagia maji? Tumeshamuahidi hapana lakini bado anauliza. Jamani tuwaulize kwanza. Akitaka mwenyewe basi weka beseni wamwagiane wote kwa vikombe, tena mchana wa mwezi wa 12 watafurahi, ila kumvizia mtoto na ndoo kutoka nyuma hapana.

Pia kama una jirani ambaye kwa imani yake hasherehekei bethdei usimlazimishe wala usimnunie, mwite mtoto siku nyingine waje kucheza.

mama_wa_Chuno

Nawashukuru mno, nimesoma na mume wangu usiku mpaka mwisho. Amempigia kaka yake leo asubuhi, mzee kasema Jumapili atakuja na mahindi ya Masasi. Nimemuuliza binti anataka nani, mwalimu umesema kweli, kataja 5, mmoja wao kuku wetu.

mama_wa_Chuno

Nimerudi kuwapa mrejesho, imepita jana. Walialikwa 14, wakaja 17, hao 3 walifuata kaka zao na chakula kilitosha. Saa 11 mvua ikashuka kama dakika 20, tukaingia wote barazani tukacheza nyama nyama, nilipotaja "mende" wakaruka karibu wote na binti yangu akacheka mpaka akakaa chini. Keki ilikatwa mvua ikiwa bado inanyesha. Maji ya bomba hakuyataka, lakini ya mvua alitoka mwenyewe na wenzake, nikawaacha. Saa 12 na nusu nyumba ilikuwa kimya. Nimetumia elfu 118. Dada wa upishi, ile sukari ya ndimu yangu ilikuwa nyepesi kidogo ikashuka pembeni, ndimu zetu zina maji mengi au nilikosea kipimo?

upishi_kusini

Hujakosea, ni unyevu wa mvua mama. Siku ya mvua punguza kijiko kimoja cha ndimu.